Kombi Kuukuu na Nyumba Iliyomo Ndani Yake

Kombi ya kambi ni gari ambalo nyuma ya kiti cha dereva limegeuzwa nyumba. Ndani yake mna kitanda, jiko la plati mbili, sinki, kabati za nguo na vyombo, na mara nyingi paa linaloinuka ili mtu mzima asimame wima. Msomaji wa Afrika Mashariki ameliona paa la namna hiyo kwenye magari ya watalii mbugani. Huko huinuliwa watu watazame simba, kwenye kombi ya kambi huinuliwa watu wavae suruali bila kugonga kichwa.

Iliyo maarufu kuliko zote ni Volkswagen ya Ujerumani. Gari lenyewe lilianza kutengenezwa Wolfsburg mwezi Machi 1950. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ya mji wa Wiedenbrück, iliyoanza mwaka 1844 kama karakana ya mhunzi, ilitoa kabati na viti vya kupachika vilivyoitwa Camping-Box. Inasimuliwa kwamba aliyeagiza ya kwanza alikuwa afisa wa jeshi la Marekani aliyekuwa Ujerumani. Uzuri wa mpango huo ulikuwa kwamba vifaa viliweza kutolewa: Jumamosi gari ni nyumba, Jumatatu linabeba mizigo ya biashara. Baadaye kabati zilifungwa moja kwa moja, paa likaanza kuinuka, na Waingereza nao wakatoa matoleo yao ya akina Devon, Danbury na Dormobile.

Kizazi cha kwanza, T1, kilikoma Ujerumani mwaka 1967. T2 kiliendelea hadi 1979, ingawa Brazili waliendelea kukitengeneza mpaka mwisho wa 2013. T3, chenye bodi pana na ya pembe pembe, kilifuata. Kombi za Westfalia za vizazi hivyo sasa zina miaka thelathini na zaidi. Injini zake hufufuliwa kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa, maana vipuri vipo. Kinachochosha ni sehemu ya ndani, kwa sababu pale seremala, fundi umeme, fundi bomba, fundi wa bodi na mshonaji wote wanatakiwa kufanya kazi ndani ya chumba kisichofika mita za mraba tano.

Wengi huanza na mapazia. Ni kosa linaloeleweka, kwa kuwa kitambaa kilichopauka ndicho kinachoonekana kwanza mlango unapofunguliwa, lakini kitambaa hakijawahi kuua kombi. Muuaji ni maji. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutoa kila kitu: magodoro, kabati, mbao za ukutani, zulia na sakafu ya mbao iliyo chini yake, mpaka bati litokeze. Kila kipande hupigwa picha kabla hakijafunguliwa, na skrubu zake hutiwa kwenye mfuko wenye jina lake. Miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka skrubu ya sentimita mbili ilitoka wapi, na iliyo ndefu zaidi ya hiyo ikirudishwa mahali pake hutokeza upande wa nje wa gari.

Maji huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni mvua. Raba za madirisha hukauka na kupasuka, na T2 nyingi za Westfalia zina madirisha ya luva, yale yale ya vipande vya kioo yaliyoko kwenye nyumba nyingi za mijini Afrika Mashariki. Luva hupitisha hewa safi usiku, lakini haijawahi kufunga sawasawa, na gari linapokwenda kasi kwenye mvua maji husukumwa ndani na kushuka nyuma ya ubao wa ukuta. Njia ya pili ni sinki na mipira yake, ambayo huvuja kidogo kidogo nyuma ya kabati mahali pasipofikiwa na macho. Ya tatu ni pumzi. Watu wawili waliolala katika chumba kidogo kilichofungwa hutoa mvuke mwingi usiku mmoja, nao hugeuka matone juu ya bati baridi. Nyuma ya mbao za kombi hizi kiwandani palijazwa pamba ya nyuzi za kioo, na pamba hiyo ikishalowa haikauki kwa urahisi. Hukaa imelikumbatia bati mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana kutu ya kombi huanzia ndani kuja nje. Lengelenge dogo la rangi linapoonekana ubavuni, upande wa pili wa bati huenda ukawa umeshaliwa. Kwenye T3 pa kutazama ni mishono, yaani pale vipande viwili vya bodi vinapokutana. Kiwandani mishono hiyo ilizibwa kwa utomvu laini ambao kwa miaka huwa mgumu na kupasuka, kisha maji hunywea humo. Mshono ulio nyuma ya jiko ndio wenye sifa mbaya kuliko yote. Kwenye T2 hutazamwa mifereji ya paa, kingo za chini za milango, na sehemu za pembeni zilizo chini ya sakafu. Matundu madogo yaliyo chini ya milango hayakutobolewa na kutu. Yaliwekwa makusudi ili maji yatoke, na huzibwa na vumbi na majani. Kuyazibua kwa waya ni kazi ya dakika tano inayookoa mlango mzima.

Kutu ya juu juu huondolewa kwa brashi ya waya, hupakwa dawa ya kugeuza kutu, kisha rangi ya msingi ya epoksi. Palipotoboka hapana dawa: bati bovu hukatwa hadi kufikia bati zima, kiraka kipya kikachomelewa, mshono ukazibwa upya na nta ikapuliziwa kwenye mashimo ya bodi. Kuziba tundu kwa puti na kupaka rangi juu yake ni kumuuzia mtu mwingine ugonjwa. Kuchomelea kunatakiwa kumalizika kabla kitu chochote kinachoshika moto hakijarudi ndani ya gari, na betri ikiwa imetolewa.

Jambo moja la hatari hutazamwa wakati wa kubomoa. Magari na nyumba za kukokota za kabla ya miaka ya 1980 wakati mwingine ziliwekwa vibao vya asbesto karibu na jiko au hita. Ujerumani ilipiga marufuku asbesto mwaka 1993. Kibao cha kijivu kinachotiliwa shaka hakikatwi wala hakipigwi msasa, bali huachwa kwa wenye vifaa vya kukiondoa bila kutimua vumbi lake.

Bati likishakuwa safi na kavu, gari hufungwa madirisha yake yenye raba mpya na kumwagiwa maji ya mpira kutoka kila upande, huku mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Kazi hii haiahirishwi. Uvujaji unaogunduliwa sasa unarekebishwa kwa nusu saa, ule unaogunduliwa baada ya kabati kurudi hubomoa kila kitu upya.

Kinachofuata ni kihami, yaani kitu cha kuzuia joto na baridi. Mafundi wengi siku hizi hutumia mkeka wa povu lenye vijitundu vilivyofungwa, wenye gundi upande mmoja, unaoshikamana na bati bila kuacha nafasi ya mvuke kupita. Wengine hupenda sufi ya kondoo kwa kuwa hunyonya unyevu na kuutoa tena bila kuoza haraka. Kila kimoja kina watetezi wake, na mabishano yao hayaishi. Wanachokubaliana wote ni kwamba povu la kupuliza lisitiwe ndani ya mashimo ya bodi, kwa sababu hukaba njia za maji kutoka na kuyafungia ndani.

Sakafu mpya huwa ya plaiwudi, ikifunikwa kwa mkeka wa vinili unaofutika kwa kitambaa kibichi. Kabla ya kutoboa tundu lolote la sakafu, mtu hulala chini ya gari na kutazama. Mabomba ya breki, nyaya na mabomba ya mafuta hupita huko, na kwenye T3 hata tangi la petroli limekaa chini ya sehemu ya mbele. Drili haichagui.

Umeme ndio ulioharibiwa zaidi na wamiliki waliopita. Nyuma ya kabati moja hukutwa nyaya za rangi tatu zilizounganishwa kwa utepe, redio iliyokwisha kutolewa lakini waya wake bado una moto, na fyuzi iliyofungwa karatasi ya sigara. Mara nyingi ni nafuu kung'oa nyaya zote za upande wa nyumba na kuanza upya, huku nyaya za gari lenyewe, za taa na injini, zikiachwa peke yake. Nyumba hupewa betri yake ya pili. Kati ya betri hizo mbili huwekwa relei inayoziunganisha injini inapozunguka na kuzitenganisha inapozimwa, ili taa za usiku zisimwachie dereva gari lisilowaka asubuhi.

Hesabu ya betri si ngumu. Friji ndogo ya kompresa hula takriban wati 45 inapofanya kazi, ambayo kwa volti 12 ni karibu ampea 4. Ikifanya kazi theluthi moja ya siku, yaani saa 8, hutumia ampea-saa 30. Taa za LED na pampu ya maji huongeza kama 5. Betri ya kawaida ya asidi yenye ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, la sivyo hufa mapema. Kwa hiyo inatoa 50, na gari linaweza kuegeshwa siku moja na ushei bila kuchajiwa. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo hutoa kama 80 na ni nyepesi zaidi, ila bei yake ni kubwa na inahitaji chaja inayolingana nayo. Paneli ya jua ya wati 100 juu ya paa, kwenye jua la kweli, hurudisha sehemu kubwa ya matumizi ya siku. Tatizo ni kwamba kombi hukaa kivulini, kwa maana hakuna anayetaka kulala ndani ya bati lililo juani.

Unene wa waya hupuuzwa sana. Volti 12 ni kidogo, hivyo kila upungufu huonekana. Waya wa milimita 1 ya mraba ukipeleka ampea 4 kwa friji iliyo umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 0.7, na friji nyingi hukataa kuwaka betri inapopungua kidogo tu. Waya wa milimita 2.5 hupoteza chini ya volti 0.3. Fyuzi kuu hukaa karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi ndicho pekee kisicholindwa.

Gesi inastahili woga zaidi kuliko umeme. Butani na propani ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hazipandi kwenda dirishani, hushuka sakafuni na kujikusanya kama maji yasiyoonekana, zikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi hukaa ndani ya kisanduku kilichofungwa kabisa upande wa chumba, chenye tundu chini yake linalotoka nje ya gari, na tundu hilo halizibwi hata kama baridi inapita. Vifaa vya zamani vya Kijerumani vilitengenezwa kwa shinikizo la milibari 50, vya sasa ni 30, na regulata ya kimoja haifai kwa kingine. Mipira ya gesi ina tarehe ya mwisho iliyochapwa ubavuni. Uvujaji hutafutwa kwa maji ya sabuni, kama anavyofanya mama yeyote mwenye mtungi wa gesi nyumbani. Ujerumani mfumo wa gesi wa gari la kambi hukaguliwa kila miaka 2 kwa kanuni iitwayo G 607, na ni vema kazi ya gesi ifanywe na anayeijua.

Kuna gesi nyingine isiyo na harufu. Jiko linalowaka ndani ya gari lililofungwa hutoa kaboni monoksidi. Hata injini inaweza kuitoa: kwenye kombi zinazopozwa kwa hewa, joto la chumbani hutoka kwenye vifaa vinavyozunguka mabomba ya moshi, na kifaa kilichopasuka huingiza moshi pamoja na joto. Tena injini iko nyuma, chini ya kitanda, na raba ya mfuniko wake ikichakaa moshi hupanda hadi kwenye mto. King'ora cha kaboni monoksidi kina bei ndogo kuliko godoro.

Baada ya hayo yote ndipo seremala anapoingia. Kabati za Westfalia zilitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizofunikwa tabaka la plastiki gumu, kingo zikizibwa kwa utepe wa plastiki wenye umbo la T unaosukumwa ndani ya mfuo. Utepe huo ndio hufa kwanza, na huuzwa mpya. Tabaka lililobanduka hurudishwa kwa gundi ya mpira, ya jamii ile wanayotumia mafundi viatu: hupakwa pande zote mbili, huachwa ikauke mpaka isishike kidole, kisha hukutanishwa mara moja bila nafasi ya kusogeza. Ubao uliovimba kwa maji haurudi. Unatolewa, unatumiwa kama kiolezo, na mpya hukatwa kwa kuufuata.

Anayetengeneza kabati mpya hukutana na ukweli kwamba ndani ya kombi hakuna ukuta ulionyooka. Kila ubavu umepinda, na pima maji haina kazi kwa sababu gari lenyewe huegeshwa likiwa limeinama. Violezo hukatwa kwa kadibodi, hujaribiwa, hupunguzwa, hujaribiwa tena, ndipo ubao unapoguswa. Uzito nao hupimwa kwa makini. Karatasi ya plaiwudi ya bechi, futi 8 kwa 4 na unene wa milimita 15, ina takriban kilo 30, ya popla kama 20, na ya MDF kama 33, tena MDF hulewa maji na kuvimba. Baadhi ya T3 za mwanzo zilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu ya farasi 50. Kwa injini hiyo, kabati nzito huhisiwa kwenye kila mlima. Kona za kabati huviringwa, na milango yake huwekwa komeo la kubana, kwa kuwa kona ya kwanza ya barabara hufungua kila mlango ulioegemea sumaku tu.

Kiti cha nyuma kinachofunguka kuwa kitanda hakichukuliwi kama fanicha. Watu hukaa juu yake wakiwa wamefunga mikanda, na mgongano ukitokea ndicho kinachowashika. Fremu ya kiwandani hutunzwa, au hununuliwa iliyojaribiwa, nayo hukazwa kwa bolti zenye bamba la chuma chini ya sakafu. Skrubu za mbao zilizoshikilia plaiwudi peke yake hung'oka kama jino bovu.

Kushona ni kazi ya furaha na huchukua maneno machache. Sponji ya kitanda iwe nzito, yenye takriban kilo 35 kwa mita ya ujazo, maana nyepesi hulala ndani ya msimu mmoja na mlalaji akahisi ubao. Vitambaa vya miraba vya rangi ya chungwa, kijani na manjano vya miaka ya 1970 hufumwa upya kwa ajili ya wapenzi wa T2. Turubai la paa linaloinuka hubadilishwa na watu wawili, la pamba likipumua vizuri na kukauka polepole, la sintetiki likifanya kinyume. Paa halishushwi na kufungwa siku nyingi likiwa na umande, kwa kuwa ukungu hauhitaji muda mrefu.

Swali la mwisho ni kiasi gani cha kale kibaki. Ujerumani gari lenye miaka 30 au zaidi na hali iliyo karibu na ya asili linaweza kupewa namba ya usajili yenye herufi H, utaratibu ulioanza mwaka 1997, na kulipa kodi moja ya kudumu ya euro 191 na ushei kwa mwaka. Mkaguzi hukubali mabadiliko yaliyokuwa ya kawaida enzi za gari hilo, lakini chumba cheupe kitupu chenye taa za buluu humtia mashaka. Friji mpya nyuma ya mlango wa zamani hupita bila maneno, na ndivyo wengi wanavyofanya: sura ya 1978, nyaya za leo. Bei nayo hufuata uasilia, na kabati kamili za Westfalia hutafutwa sana. Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu hawatupi kabati walizotoa hata zikiwa zimechakaa. Huzifuta, huzikausha, huzifunga kwa blanketi kuukuu na kuziweka stoo, pamoja na ile mifuko ya skrubu yenye majina, kwa ajili ya mnunuzi atakayetaka zirudishwe.